Kurekebisha Sheria Ndogo za Jiji Kuhusu Mimea ya Asili na Matumizi ya Viwanja vya Makazi: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 570. Katika miezi hiyo michache, kiwanja ambacho hakijasakafiwa huota mlenda, mgagani, ukoka na miche ya migunga bila kupandwa na mtu yeyote. Kwa mama wa Kigogo, mlenda huo ni mboga ya leo, na ukianikwa na kutwangwa ni mboga ya kiangazi kizima. Kwa mkaguzi wa usafi anayepita na kitabu chake cha faini, yote hayo ni majani ambayo hayajafyekwa. Wote wawili wanasimama juu ya ardhi ileile, lakini ni mmoja tu kati yao mwenye maandishi ya kumtetea.

Mwongozo huu unaeleza namna ambavyo kikundi cha wakazi kinaweza kuomba Halmashauri ya Jiji ibadilishe maandishi hayo, ili mimea ya asili itambuliwe katika viwanja vya makazi na ili shughuli ndogondogo za nyumbani ziwekewe masharti yanayoeleweka. Mfano uliotumika ni Dodoma, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, lakini hatua zenyewe zinafaa katika jiji au manispaa yoyote ya Tanzania Bara, kwa kuwa sheria zinazoongoza ni zilezile.

Hatua ya kwanza: fahamu katazo limeandikwa katika karatasi ipi

Maombi mengi ya namna hii hufa mapema kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Mkazi mmoja anaweza kuwa chini ya ngazi nne za maandishi kwa wakati mmoja, na kila ngazi ina mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Ngazi ya juu ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake, zikiwamo kanuni za mwaka 2018 zinazopanga makundi na madaraja ya matumizi ya ardhi. Kanuni hizo hutungwa na waziri mwenye dhamana ya ardhi, na baraza la madiwani haliwezi kuzigusa hata likitaka. Chini yake kuna mpango kabambe wa jiji na michoro ya mipango miji, ambayo ndiyo inayosema kiwanja chako ni cha makazi, cha makazi na biashara, au ni eneo la wazi. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, lakini michoro hiyo hairekebishwi bila kufuata taratibu za sheria hiyo na kupata idhini ya ngazi za juu.

Ngazi ya tatu ni sheria ndogo za Halmashauri, zinazotungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Humo ndimo hukaa masuala ya usafi, ufyekaji, ufugaji mjini, taka, kelele na faini. Ngazi ya nne, ambayo watu huisahau, ni masharti yaliyoandikwa ndani ya hati ya umiliki chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Wakazi wa Dodoma wenye hati zilizotolewa enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kukabidhiwa Halmashauri, wanapaswa kuzitoa kabatini na kuzisoma upya, mstari kwa mstari, kabla ya kudai kwamba wanaruhusiwa hiki au kile.

Ushauri wangu ni kuanza na ngazi ya tatu. Sheria ndogo ndiyo inayomfikia mkazi mlangoni, ndiyo inayotungwa na watu aliowapigia kura, na ndiyo inayoweza kubadilika pasipo kungoja mpango kabambe ufikie wakati wa kupitiwa upya. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba pendekezo lenu halipingani na ngazi mbili za juu, kwa maana sheria ndogo inayopingana na sheria mama ni batili hata ikipitishwa kwa makofi. Nendeni kwa Mwanasheria wa Jiji, ombeni nakala ya sheria ndogo za usafi wa mazingira na za ufugaji zinazotumika sasa, pamoja na namba ya Tangazo la Serikali lililozichapisha. Msiridhike na kuambiwa kwa mdomo kwamba sheria ipo. Si jambo la ajabu kukuta faini inatozwa kwa kifungu ambacho kilifutwa zamani au ambacho kinahusu maeneo ya biashara pekee.

Hatua ya pili: andaeni orodha ya mimea, na muwe waangalifu na miti inayodhaniwa kuwa ya kwetu

Neno "mimea ya asili" likiachwa hivihivi katika sheria, kila afisa atalitafsiri apendavyo. Kwa hiyo pendekezo lenu lazima liwe na jedwali la mimea, na jedwali hilo litakaguliwa na watu wanaojua, hasa Afisa Misitu na Afisa Mazingira wa Jiji pamoja na wataalamu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Aibu kubwa itakayowapata mbele ya kamati ni kuambiwa kwamba nusu ya miti mliyoitaja imetoka ng'ambo.

Mwarobaini umeenea Dodoma kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa katika maeneo ya Chang'ombe au Kikuyu mjini humo atakuapia kwamba ni mti wa Kigogo, lakini asili yake ni Asia ya Kusini. Mlonge nao umetoka huko. Mjohoro asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, mkrismasi ni wa Madagaska, mwashoki unaopangwa kandokando ya kuta ni wa India na Sri Lanka, mkaratusi ni wa Australia, na mlusina ulitoka Mexico na Amerika ya Kati na sasa unajisambaza wenyewe mahali pengi. Sisemi miti hiyo ing'olewe. Mwarobaini umewapa kivuli maelfu ya watu na hakuna sababu ya kuugombeza. Ninachosema ni kwamba haihitaji ulinzi wa sheria hii, kwa kuwa haijawahi kunyanyaswa na mkaguzi yeyote.

Jedwali la Dodoma linaweza kugawanywa kwa ukubwa wa kiwanja. Mbuyu, mkwaju na mng'ongo ni miti ya asili isiyopingika, lakini hakuna mtu mwenye busara atakayependekeza mbuyu katika kiwanja cha mita za mraba 400. Hiyo ni miti ya maeneo ya wazi, shule, makaburi na hifadhi za barabara. Migunga nayo ina aina nyingi na tabia tofauti. Ule unaoitwa kitaalamu Faidherbia albida hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyarudisha kiangazi, sifa ambayo mkulima aliyepanda mboga chini yake anaifurahia, lakini hukua ukawa mti mkubwa na unataka nafasi. Kwa kiwanja kidogo kuna mikole yenye matunda madogo yanayoliwa na watoto na ndege, kuna mpingo kwa mwenye subira, na kuna shubiri mwitu kando ya ukuta. Mnyaa unafaa kwa uzio wa asili na haudai maji, ila utomvu wake huunguza macho, hivyo usiwekwe karibu na mahali wanapochezea watoto, na sharti hilo liandikwe wazi katika jedwali.

Sehemu ya mwisho ya jedwali iwe ya majani na mboga za asili: mlenda wa aina zake, mgagani, mchunga na ukoka. Sehemu hiyo ndiyo itakayobishaniwa zaidi, na ndiyo yenye faida ya karibu zaidi kwa kaya zenye kipato kidogo. Kila mmea uandikwe kwa jina la Kiswahili, jina la Kigogo linalotumika mtaani, na jina la kisayansi, kwa sababu jina moja la mtaani hubeba aina kadhaa na mahakama haitakwenda shambani kuuliza.

Hatua ya tatu: andikeni vifungu vinavyopimika

Kanuni nyingi za usafi hufuata mtindo wa kifungu kama hiki: "Kila mkazi atahakikisha kwamba majani na vichaka katika eneo lake vinafyekwa wakati wote." Kifungu hicho ni kifupi na kinasomeka vizuri, lakini tazameni kinachoacha. Hakisemi majani gani, hakisemi urefu gani, hakisemi ni umbali gani kutoka barabarani, na maneno "wakati wote" yanamfanya kila mkazi awe mkosaji kuanzia wiki ya pili ya mvua. Mamlaka yote ya kuamua nani ametenda kosa yamebaki mkononi mwa yule anayepita siku hiyo.

Pendekezo lenu liwe la namna hii: "Mmiliki au mpangaji wa kiwanja cha makazi anaweza kupanda au kuacha mimea iliyotajwa katika Jedwali, ili mradi mimea hiyo (a) haizidi urefu wa sentimita 75 ndani ya mita mbili kutoka ukingo wa barabara au katika kona ya njia panda, (b) haizibi mtaro wa maji ya mvua wala njia ya waenda kwa miguu, (c) imetenganishwa na kuta za nyumba ya kuishi kwa ukanda uliofyekwa wenye upana usiopungua mita moja, na (d) haigusi nyaya za umeme." Kifungu kinachofuata kiseme: "Afisa aliyeidhinishwa hatatoza faini chini ya sheria ndogo hizi kabla ya kumpa mhusika notisi ya maandishi ya siku 14 inayotaja mmea unaolalamikiwa na aya iliyokiukwa."

Vipimo hivyo ni vya kujadiliwa, na huenda wataalamu wakataka vingine. La msingi ni kwamba kila aya inaweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye futi kamba. Angalieni pia neno "mpangaji". Bila neno hilo, haki yote inamwendea mwenye nyumba, wakati anayepanda mboga na anayekamatwa mara nyingi ni mpangaji. Notisi ya siku 14 nayo ndiyo itakayopingwa na wale waliozoea faini ya papo kwa papo. Ishikilieni hadi mwisho, hata ikibidi kuachia sentimita kumi za urefu.

Kuhusu mazao marefu, fahamuni historia. Sheria ndogo za miji kadhaa, Dar es Salaam ikiwamo, zimewahi kukataza mazao yanayozidi mita moja katika maeneo ya makazi, na mtazamo huo bado umo vichwani mwa maafisa wengi. Msichanganye hoja ya mahindi na mtama na hoja ya mimea ya asili katika waraka mmoja. Mkizichanganya, kikao kizima kitazungumzia mahindi.

Hatua ya nne: matumizi ya kiwanja

Hapa kuna eneo linalohitaji kukanyagwa taratibu. Kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara kuna utaratibu wake maalumu, wenye maombi, tangazo kwa majirani, vikao na ada, na sheria ndogo haiwezi kuuruka. Kinachoweza kufanywa na Halmashauri ni kuweka masharti ya usafi, kelele, moshi, saa za kazi na maegesho kwa shughuli ambazo hazibadilishi sura ya kiwanja kuwa kitu kingine.

Kwa hiyo tenganisheni shughuli za nyumbani kwa athari zake. Bustani ya mboga, kitalu cha miche, cherehani moja ukumbini, kusuka nywele barazani na kufuga kuku wachache waliofungiwa ni shughuli zinazostahili kuruhusiwa bila kibali, kwa masharti ya usafi peke yake. Kulea watoto wa majirani mchana, fremu moja au mbili zinazotazama barabara, na mifugo mikubwa inayolishwa ndani zipite kwa kibali cha mwaka na maoni ya majirani wanaopakana. Gereji, baa, mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea vyuma zibaki kabisa chini ya utaratibu wa kubadili matumizi. Kuna wajumbe watakaoomba mashine ya kusaga ihamishiwe kundi la pili kwa sababu mtaa unaihitaji. Mimi ningekataa, kwa sababu anayeihitaji huisikia kwa dakika kumi anaposaga, na jirani yake huisikia kutwa.

Fremu ndizo zinazounganisha mada hizi mbili. Mtu akijenga fremu, kazi ya kwanza ni kukata mti wa mbele na ya pili ni kumwaga zege hadi ukingoni mwa barabara, kisha mvua kubwa ya Januari ikinyesha maji yote yanakwenda kwa jirani wa chini. Pendekezeni kwamba kibali cha fremu kiambatane na sharti la kuacha sehemu ya mbele ya kiwanja, tuseme robo, bila kusakafiwa na ikiwa na mti mmoja wa jedwali unaotunzwa. Mji huu unategemea kwa kiasi kikubwa maji ya visima vya Mzakwe, na mti usiodai kumwagiliwa baada ya miaka miwili ya kwanza ni hoja ambayo hata mhasibu wa Jiji ataielewa.

Hatua ya tano: kutoka mtaani hadi masijala

Mwombeni Mwenyekiti wa Mtaa aweke suala hilo kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa. Someni rasimu kwa sauti, kifungu kwa kifungu, ruhusuni wapinzani waseme, na hakikisheni kwamba muhtasari unaandikwa palepale na kuambatanishwa na orodha ya mahudhurio yenye saini. Muhtasari uliopigwa muhuri wa mtaa una uzito kuliko saini mia zilizokusanywa nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ni maamuzi ya kikao halali. Ikiwezekana, mitaa miwili au mitatu ya kata moja ifanye hivyo, kisha suala liingie katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Diwani akishaongoza kikao kilichoridhia, hatapata shida kulisemea mbele ya wenzake.

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, na ipite "K.K." kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Kata. Kwenye "YAH:" andikeni jambo moja tu, yaani mapendekezo ya marekebisho ya sheria ndogo fulani, kwa jina lake kamili na namba ya Tangazo. Ambatanisheni rasimu ya vifungu, jedwali la mimea, mihtasari, na picha chache zenye tarehe zinazoonyesha uwanja uliofagiliwa hadi udongo mwekundu ukabaki wazi ukiwa kando ya uwanja wenye ukoka na mikole, vyote vikiwa vimepigwa picha baada ya mvua moja. Nakala ziende kwa diwani, Afisa Mipango Miji na Mwanasheria wa Jiji. Mnapoikabidhi masijala, bakini na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila nakala hiyo hamtakuwa na pa kuanzia mtakapofuatilia.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na kamati zake hukaa kabla. Barua inayofika wiki moja kabla ya Baraza imechelewa kwa robo nzima. Aidha, epukeni miezi ya kuelekea uchaguzi mkuu, kwa kuwa mabaraza huvunjwa na kazi iliyofikia katikati hulazimika kuanza upya mbele ya watu wapya.

Hatua ya sita: kamati, pingamizi na majibu yake

Suala lenu litachambuliwa na wataalamu, kisha litakwenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kabla ya kufika Baraza. Sheria inaitaka Halmashauri itoe tangazo la kusudio lake la kutunga sheria ndogo, lieleze maudhui yake kwa wakazi wa eneo husika na kuwaalika walete pingamizi au maoni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Msilichukulie tangazo hilo kama adui. Pelekeni maoni ya kuunga mkono kwa maandishi, maana faili lenye pingamizi peke yake linamfanya hata diwani rafiki arudi nyuma.

Pingamizi la kwanza litakuwa mbu. Jibu la kweli ni kwamba mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, yaani ndoo, matairi, makopo na mitaro iliyoziba, ila ni kweli pia kwamba mbu waliokomaa hupumzika kwenye majani yenye kivuli na unyevu. Msikane sehemu hiyo ya pili. Onyesheni ukanda wa mita moja kando ya nyumba, kisha ombeni nguvu ya faini ielekezwe kwenye matairi na mitaro.

Pingamizi la pili ni nyoka, na hilo halipaswi kuchekwa. Mzazi mwenye mtoto anayetambaa ana haki ya kuuliza. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka, kuni zilizorundikwa na chakula kilichomwagika. Kifungu kinachokataza kurundika matofali na kuni ndani ya ule ukanda uliofyekwa kitamsaidia mzazi huyo kuliko amri ya kufyeka kiwanja kizima. La tatu ni wezi kujificha, na jibu lake limo tayari katika sentimita 75 za kando ya barabara.

Hatua ya saba: idhini, Gazeti na yanayofuata

Baraza likipitisha, sheria ndogo hupelekwa kupitia ngazi ya mkoa hadi kwa waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na haina nguvu mpaka ipate idhini hiyo na ichapishwe katika Gazeti la Serikali. Hatua hii huweza kuchukua muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Teueni mtu mmoja wa kufuatilia kwa Mwanasheria wa Jiji, awe na namba ya faili mkononi, na asichoke.

Ikishachapishwa, chukueni nakala za Tangazo, mzipeleke kwa kila Afisa Mtendaji wa Mtaa, kituo cha mgambo wa jiji, na ofisi ya afisa afya wa kata. Ombeni kikao kimoja cha maafisa hao kifanyike uwanjani, ndani ya kiwanja kilichopandwa, mtu akiwa na futi kamba na jedwali, ili waone mkole ni upi na mlusina ni upi, na wapime mita mbili kutoka ukingo wa barabara kwa mikono yao. Kikao hicho kifanyike Februari, mimea ikiwa imestawi na inatambulika, kwa sababu ifikapo Septemba mlenda umeshakauka na afisa ataonyeshwa vijiti. Mkazi anayepewa notisi baada ya hapo ajibu kwa maandishi ndani ya siku zile 14, akitaja aya na kipimo, na nakala ya jibu lake aipeleke masijala igongwe muhuri kama ile barua ya kwanza.